Kimelea cha malaria kwenye ini na kwenye damu: maswali yanayoulizwa zaidi Nyanda za Juu Kusini

Watu wengi wa Mbeya mjini, Iringa, Njombe, Makete na Mufindi hawapatii malaria nyumbani. Wanaipata wakishuka Kyela, Usangu, Pawaga au mwambao wa Ziwa Rukwa, kisha wanaugulia baridini siku nyingi baadaye. Ndiyo maana maswali kuhusu ini na damu ni mengi huku: lini kipimo kitaona, dawa gani inafanya kazi, na kwa nini homa inarudi. Majibu yanahusu zaidi Plasmodium falciparum, aina inayosababisha malaria nyingi mno Tanzania. Aina nyingine zinapotofautiana, tumezitaja.

Mbu akishaniuma, kimelea kinaelekea wapi kwanza?

Kwenye ini. Mbu jike wa Anofelesi akitafuta damu hutema mate kwenye ngozi, na ndani ya mate hayo huwa na vimelea vyembamba viitwavyo sporozoiti. Kwa kawaida ni makumi tu, mara chache huzidi mia. Vingine hufia kwenye ngozi. Vinavyobahatika kuingia kwenye mshipa wa damu hufika ini ndani ya dakika chache, na vilivyochelewa kwenye ngozi hufika baada ya saa moja hadi tatu. Kwenye damu vinapita tu, na havina uwezo wa kuingia kwenye chembe nyekundu hata vikikutana nazo.

Vinakaa kwenye ini siku ngapi?

Falciparum hukaa siku 6 hadi 7. Vivax ni siku 6 hadi 8, ovale takriban 9, na malariae, ambayo ni ya taratibu kuliko zote, karibu siku 15. Kila kimelea kilichopata chembe ya ini hujigawa ndani yake mpaka chembe moja inabeba vimelea vipya 30,000 au zaidi. Chembe hiyo huvimba hadi mikromita 50 au 60, ilhali chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hivi. Ikipasuka, vimelea vipya, viitwavyo merozoiti, humwagika kwenye damu. Kwa falciparum kazi ya ini huishia hapo, na havirudi tena kwenye ini.

Kimelea cha ini na cha damu kinatofautiana vipi hasa? Si ni kilekile?

Ukoo ni uleule na jeni ni zilezile, lakini jeni zinazofanya kazi si zilezile, na maisha yanabadilika kabisa. Tofauti tatu ndizo zenye uzito kwa mgonjwa.

Ya kwanza ni chakula. Kwenye damu, kimelea kinaishi ndani ya chembe nyekundu na kinakula hemoglobini, ile protini yenye madini ya chuma inayobeba oksijeni. Mabaki ya chuma ni sumu kwake, kwa hiyo huyagandisha kuwa chengachenga nyeusi-kahawia ambazo mtaalamu wa maabara huziona kwenye darubini. Kwenye ini hakuna mlo huo wa hemoglobini, kwa hiyo chengachenga hizo hazipo. Dawa zetu nyingi zinapiga papo hapo kwenye mlo: klorokwini ilikuwa inazuia mabaki yale yasigande, na dawa za jamii ya artemisinini huwashwa na chuma hicho. Kimelea kisichokula hemoglobini hakizipi dawa hizo nafasi ya kukipata.

Ya pili ni mwendo wa kuzaana. Kwenye ini kimelea huzaa mara moja tu, lakini huzaa makumi ya maelfu. Kwenye damu huzaa kidogo, falciparum kwa kawaida 16 hadi 32 kwa kila chembe iliyopasuka, ila hurudia kila baada ya saa 48 bila kuchoka mpaka dawa au kinga imzuie. Malariae hurudia kila saa 72.

Ya tatu ni namna mwili unavyokiona. Chembe ya ini ina kiini, na ina mashine ya kuonyesha nje vipande vya kitu kigeni kilichomo ndani yake, hivyo askari wa kinga wanaweza kuitambua na kuiua. Chembe nyekundu haina kiini wala mashine hiyo. Huko mwili hutegemea zaidi kingamwili na bandama, na ndiyo sababu bandama huvimba kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi.

Mbona wakati viko kwenye ini sijisikii chochote?

Kwa sababu chembe za ini zinazoshambuliwa ni chache mno. Ini lina mabilioni ya chembe, na hapa tunazungumzia kumi au ishirini zilizoingiliwa. Homa ya malaria huletwa na chembe nyekundu zinapopasuka kwa mamilioni na kumwaga takataka za vimelea kwenye damu. Kwa hiyo hakuna "dalili za malaria ya ini". Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu siku mbili baada ya safari yatafutiwe sababu nyingine.

Nililala Kyela usiku mmoja, siku ya nne nikapata homa, kipimo kikasema hakuna malaria. Kimekosea?

Hapana. Siku ya nne kimelea cha safari hiyo bado kiko kwenye ini, na hakuna kipimo cha hospitali kinachokiona huko: si cha haraka, si darubini, si ultrasaundi, si vipimo vya kazi ya ini. Homa hiyo ina chanzo kingine, au inatokana na mbu wa tarehe za nyuma.

Hata kikishatoka kwenye ini, kipimo hakikioni papo hapo. Piga hesabu. Chukulia chembe 10 za ini zimepasuka siku ya 7, kila moja ikatoa 30,000. Hivyo ni vimelea 300,000. Mtu mzima ana damu lita 5, yaani mikrolita milioni 5. Ukigawanya, unapata kimelea kimoja katika kila mikrolita 17 hivi, na kipimo cha haraka hutumia mikrolita 5 tu. Vimelea vikiongezeka mara kumi kila saa 48 kwa mtu asiye na kinga, siku ya 9 viko 0.6 kwa mikrolita, siku ya 11 viko 6, siku ya 13 viko 60, na siku ya 15 viko 600. Kipimo cha haraka huaminika kuanzia 100 hadi 200 kwa mikrolita. Zikiwa chembe nyingi zaidi za ini, unapunguza siku moja au mbili.

Kutokana na hesabu hiyo, siku muhimu kwa watu wa baridini ni mbili: usiku wa kwanza na usiku wa mwisho uliokaa bondeni. Homa iliyoanza kabla ya siku 7 tangu usiku wa kwanza si malaria ya safari hiyo. Wengi huanza kuumwa kati ya siku ya 10 na ya 14, na karibu wote ndani ya mwezi mmoja baada ya usiku wa mwisho. Wachache huchelewa hadi miezi kadhaa, hasa wenye kinga kiasi au waliomeza dawa nusunusu. Kosa la kawaida ni kuhesabu tangu siku ya kurudi. Aliyekaa wiki tatu akivuna mpunga Mbarali anaweza kuugua hata kabla hajapanda gari.

Kama kipimo hakikuonyesha kitu na homa inaendelea, rudia baada ya saa 24, kisha tena baada ya saa 48. Na mwambie mhudumu ulikuwa wapi. Kituo cha Njombe au Makete kisichoona malaria kila siku kinaweza kukufikiria nimonia kwanza, na hakitakuwa kimekosea kufikiri hivyo.

Basi ninywe mseto mapema, niviue vikiwa bado kwenye ini?

Usifanye hivyo. Dawa mseto ya ALu, yaani artemetha na lumefantrini, inapiga vimelea vya damu. Artemetha huondoka mwilini baada ya saa chache, na lumefantrini hubaki siku kadhaa ikipungua. Ukimeza siku ya 2 baada ya safari, vimelea vinatoka kwenye ini siku ya 7 na kukuta dawa imebaki kidogo. Haivimalizi, inavichelewesha. Unaugua wiki ya tatu au ya nne, ukiwa umesahau safari, na unasema mseto haufanyi kazi. Kibaya zaidi, vimelea vinavyozoea dawa kidogo ndivyo vinavyojenga usugu, na Kagera tayari wamepatikana vimelea vyenye usugu wa kiasi kwa artemisinini.

Dawa gani inafanya kazi wapi?

Kwenye damu: ALu, artesuneti ya sindano, kwinini. Hizi ni za kutibu.

Kwenye ini: atovakwoni-proguanili huua vimelea vya ini vinavyokua, na vya damu pia. Ndiyo maana msafiri anayeitumia kama kinga huanza siku 1 au 2 kabla ya safari na kuacha siku 7 tu baada ya kurudi. Doksisaikilini na meflokwini hutegemewa kwenye damu, kwa hiyo lazima ziendelee wiki 4 baada ya kurudi, zikisubiri vitakavyotoka kwenye ini. Watu wengi huacha siku wanayofika nyumbani, na hapo ndipo kinga inapovunjika. Dawa hizi ziandikwe na daktari, kwani doksisaikilini haimfai mjamzito wala mtoto mdogo.

Primakwini ina kazi tofauti. Inaua vimelea vinavyolala kwenye ini vya vivax na ovale, na inaua vile vya damu vinavyosubiri mbu. Kwenye vimelea vya kawaida vya damu vinavyoleta homa, nguvu yake ni ndogo. Mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD akipewa dozi ya siku 14 chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka kwa wingi, kwa hiyo hupimwa kwanza. Mjamzito hapewi.

ALu nimeze vipi ili ifanye kazi?

Mtu wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 mara 6, jumla 24. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, si "jioni" tu. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni kwa siku mbili. Watoto hupimwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge 1 kila dozi, 15 hadi chini ya 25 vidonge 2, 25 hadi chini ya 35 vidonge 3.

Lumefantrini haifyonzwi vizuri bila mafuta. Chai ya rangi na mkate mkavu havitoshi. Maziwa, karanga, mboga iliyoungwa, au nusu ya parachichi, ambalo Rungwe na Njombe halikosekani, vinafanya kazi hiyo. Tunalisisitiza hili kwa sababu ndilo linaloharibu dozi nyingi zilizomezwa kwa uaminifu wote. Akitapika ndani ya nusu saa, dozi irudiwe. Akitapika tena, arudishwe kituoni, huenda akahitaji sindano.

Homa ikiisha siku ya pili, vidonge viendelee. Artemetha imeshapunguza vimelea vingi, lakini waliobaki wanamalizwa na lumefantrini.

Nimeambiwa malaria yangu imejificha kwenye ini na ndiyo maana inarudi kila mwezi. Ni kweli?

Kwa falciparum si kweli, na kauli hii imewapa watu dawa nyingi zisizo na maana. Falciparum haina umbo la kulala kwenye ini. Aina zenye umbo hilo, liitwalo hipnozoiti, ni vivax na ovale. Vivax ni adimu kwetu kwa sababu Waafrika wengi hawana kwenye chembe zao nyekundu alama ya Duffy ambayo kimelea hicho hukitumia kama mlango. Ovale ipo lakini ni chache.

Homa ikirudi kuna njia nne za kufikiri. Ikirudi ndani ya wiki nne hivi, huenda vimelea vya damu havikwisha: dozi ilikatizwa, ilimezwa bila mafuta, au dawa ilikuwa mbovu. Inaweza kuwa umeambukizwa upya, jambo la kawaida kabisa kwa anayeishi Kyela au Usangu. Inaweza kuwa ovale iliyoamka, na hapo maabara itaona umbo tofauti kwenye darubini. Na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, si malaria: ni maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, homa ya matumbo, au kipimo kilichobaki chanya (swali linalofuata). "Malaria sugu" ya kila mwezi yenye kipimo hasi kila mara haina haja ya dozi nyingine ya mseto. Ina haja ya daktari wa kutafuta upya.

Nimemaliza dawa, nimepona, mbona kipimo cha haraka bado kinaonyesha mistari miwili?

Vipimo vya haraka vingi hutafuta protini iitwayo HRP2 ambayo falciparum huimwaga ikiwa kwenye damu. Protini hiyo hubaki wiki mbili hadi nne au zaidi baada ya vimelea vyote kufa. Mstari wa pili unasema kimelea kilikuwapo, hausemi kipo. Ndani ya mwezi baada ya matibabu, omba darubini. Vipimo vinavyotafuta protini ya LDH husafika mapema zaidi.

Kinyume chake pia kipo: kuna vimelea visivyo na jeni ya HRP2, na kipimo hicho hakivioni hata vikiwa vingi.

Darubini nayo inakosea wapi?

Mara nyingi kabla slaidi haijafika kwenye darubini. Tone nene huchukua takriban mikrolita 6 za damu, hutandazwa na kuachwa likauke lenyewe. Makete au Mafinga mwezi Julai, hewa ikiwa na ukungu, ukaukaji unachukua muda mrefu kuliko Kyela, na fundi mwenye haraka huliweka juu ya moto au jiko. Joto huigandisha hemoglobini, chembe nyekundu hazipasuki kwenye maji ya rangi, na tone linabaki jekundu zito lisilosomeka. Likichovywa kwenye rangi kabla halijakauka vizuri, linabanduka lote. Methanoli ni kwa tone jembamba tu, na ikigusa nene matokeo ni yaleyale ya joto.

Maji ya kuchanganyia rangi ya Giemsa yawe na pH 7.2. Yakiwa na tindikali, kiini cha kimelea hakichukui wekundu wake na vimelea vichache vinapotea machoni. Giemsa ya asilimia 3 hukaa dakika 45 hadi 60, ya asilimia 10 dakika 10 hadi 15. Kabla ya kuandika "hakuna", msomaji apitie angalau nyanja 100 (nyanja ni eneo linaloonekana kwenye darubini kwa mara moja) kwa lenzi ya mafuta, na nyanja hizo zote ni kama robo ya mikrolita ya damu. Aliyeangalia dakika mbili hajapitia nyanja 100.

Kwa kipimo cha haraka makosa ni mepesi: kusoma dakika ya 5 badala ya muda ulioandikwa, kwa kawaida 15 hadi 20, kukirudia baada ya saa nzima ukaona mstari usiokuwapo, na kukitumia kikiwa baridi kutoka kwenye friji.

Kwenye cheti wameandika "plasi mbili". Ndiyo kali?

Alama hizo ni makadirio ya haraka tu. Kilicho sahihi ni kuhesabu vimelea dhidi ya chembe nyeupe 200 na kuzidisha, kwa kuchukulia chembe nyeupe 8,000 kwa mikrolita. Vimelea 50 dhidi ya chembe nyeupe 200 ni 2,000 kwa mikrolita. Lakini hata hesabu hiyo haisemi yote, kama jibu linalofuata linavyoonyesha.

Mgonjwa amezimia lakini slaidi ina vimelea vichache. Inawezekanaje?

Hili ndilo jambo hatari zaidi la falciparum kwenye damu. Katika saa 24 za kwanza hivi kimelea kina umbo la pete na kinazunguka na damu, hivyo kidole kikichomwa kinaonekana. Kisha huotesha vinundu juu ya chembe nyekundu na kunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, figo, utumbo na kondo la nyuma. Kinafanya hivyo ili kisipite kwenye bandama. Nusu ya maisha yake hakionekani kwenye damu ya kidole. Mgonjwa anaweza kuwa na pete chache zinazozunguka na jeshi kubwa limenata ubongoni. Msomaji makini wa slaidi huangalia pia chengachenga nyeusi ndani ya chembe nyeupe: zikiwa nyingi, mzigo uliofichika ni mkubwa.

Ndiyo sababu artesuneti ya sindano iliishinda kwinini. Inaua pete changa kabla hazijanata, wakati kwinini husubiri mpaka zimekomaa. Dozi ni miligramu 2.4 kwa kila kilo, na 3 kwa mtoto wa chini ya kilo 20, saa ya 0, ya 12 na ya 24, kisha mara moja kwa siku. Hata akiamka mapema apewe sindano zote tatu za mwanzo, halafu amalize ALu dozi kamili ya siku tatu.

Degedege, kuzimia, kushindwa kukaa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, mkojo mweusi, weupe wa viganja au macho ya manjano: yoyote kati ya hayo ni kwenda kituo cha afya au hospitali sasa hivi. Degedege linaweza kuwa la malaria au la homa ya uti wa mgongo, na yote mawili yanatibiwa hospitali.

Macho ya manjano si dalili kwamba malaria imeingia kwenye ini?

Si kwa maana hiyo. Manjano ya malaria kali hutokana na chembe nyekundu kupasuka kwa wingi, na ini kuelemewa na taka zake pamoja na ugonjwa wenyewe. Hutokea wakati wa damu, siku nyingi baada ya kimelea kutoka kwenye ini. Dawa za "kusafisha ini baada ya malaria" zinazouzwa stendi na mitaani hazina kazi hapo, na nyingine zenyewe zinaliumiza ini.

Mjamzito?

Kwa mjamzito vimelea vya damu hunata kwenye kondo la nyuma. Kipimo cha kidole kinaweza kuwa hasi huku kondo limejaa, na mama hana homa, ila damu inapungua na mtoto hazidi uzito. Kwa sababu hiyo kliniki haisubiri dalili. Humpa dawa ya SP (sulfadoksini na pirimethamini) vidonge 3 kwa pamoja, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kisha kila hudhurio kwa nafasi ya mwezi, angalau mara tatu. Anayetumia kotrimoksazoli hapewi SP. Foliki asidi ya miligramu 5 huipunguza nguvu SP, ya miligramu 0.4 haina shida.

Kwa nini mtu wa Kyela hutembea na vimelea bila kuumwa, wa Njombe akizidiwa na vichache?

Kinga dhidi ya vimelea vya damu hujengwa kwa kuambukizwa mara nyingi tangu utotoni, na hupungua ukihama. Haivifuti, inavibana visifikie kiwango cha homa. Mtu mzima aliyekulia Makete hana kinga hiyo na anaweza kupata malaria kali kama mtoto. Vivyo hivyo mwenyeji wa Kyela aliyekaa chuoni Iringa miaka kadhaa: akirudi likizo asijione mwenyeji kwa mbu.

Kwani mbu wa Mbeya hawaambukizi?

Huambukiza, ila kwa nadra, na sababu ni joto. Kimelea kikiwa ndani ya mbu huhitaji zaidi ya nyuzi 16 ili kikue. Kwenye nyuzi 25 kinakomaa kwa siku 12 hivi, kwenye nyuzi 20 siku 28, na kwenye nyuzi 18 zaidi ya siku 50. Mbu wachache wanaishi kiasi hicho. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela ni kama mita 500. Lakini ndani ya nyumba yenye jiko ni joto kuliko nje, na miezi ya mvua za masika si ya baridi kama Julai.

Chanjo inapiga wapi?

RTS,S na R21 zote zinalenga sporozoiti, kabla hazijaingia kwenye ini. Kingamwili zina dakika hadi saa chache za kufanya kazi. Kimelea kimoja kikipenya, kinaweza kuanzisha ugonjwa kamili kwenye damu, na huko chanjo hizo hazina msaada. Ndiyo maana zinapunguza malaria lakini haziizuii yote, na chandarua kinabaki. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi ilianza kutoa RTS,S mwaka 2019. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021, na R21 Oktoba 2023. Zote mbili zilijaribiwa Bagamoyo, na Bagamoyo hiyohiyo imejaribiwa pia RH5, inayolenga kimelea kinapotaka kuingia kwenye chembe nyekundu.

Selimundu inazuia ini au damu?

Damu. Mwenye jeni moja ya selimundu huambukizwa kwenye ini kama mwingine, ila vimelea havistawi vizuri kwenye chembe zake nyekundu. Mwenye ugonjwa wenyewe, yaani jeni mbili, yuko hatarini zaidi malaria ikimpata.

Mbona ini liligunduliwa kwa kuchelewa?

Laveran aliona vimelea kwenye damu mwaka 1880 akiwa Algeria, na Ross akaviona kwa mbu mwaka 1897 huko India. Mwaka 1903 Schaudinn, mtafiti mwenye sifa kubwa, alidai kuona sporozoiti zikiingia moja kwa moja kwenye chembe nyekundu, na jina lake likawanyamazisha wengi. Shortt na Garnham ndio walioonyesha hatua ya ini kwa nyani na binadamu mwaka 1948.

Malaria ya kuongezewa damu inapitia ini?

Hapana. Inaingia ikiwa tayari ya damu, kwa hiyo inaweza kujitokeza bila zile siku 7 za ini. Hata ikiwa vivax au ovale, haiachi vinavyolala, na primakwini ya siku 14 haihitajiki. Mtoto aliyeipata kwa mama wakati wa kuzaliwa ni hivyohivyo.

Nikishapona, naweza kumwambukiza mbu?

Kwa muda, ndiyo. Baadhi ya vimelea vya damu huacha kuzaana na kuwa dume na jike, gametosaiti. Kwa falciparum huchukua siku 10 hadi 12 kukomaa na kupata umbo la ndizi, na ALu haiviui vilivyokomaa ipasavyo. Havikuletei homa, ila mbu akikuuma anavichukua. Dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kilo, huviua pale mpango wa matibabu unapoitumia. Ukirudi nyumbani Tukuyu au Iringa ukiwa umetibiwa wiki hii, lala kwenye chandarua kwa wiki kadhaa hata kama mtaa wako hauna mbu wengi.